Mikono Miwili ya Kushoto

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani. Meza yake na yangu ya kushonea viatu zinatenganishwa na pazia tu. Hakati kitambaa ovyo. Hukitandaza, akakikunja, akakitandaza tena, mpaka wateja humtania: "Fundi, unakata au unakibembeleza?"

Siku moja alikuwa na hariri ya bibi harusi mmoja, ambayo binti huyo aliachiwa na marehemu mama yake. Ilikuwa kidogo, na nyingine kama hiyo haipatikani. Ili itoshe, shemeji hakuikunja mara mbili kama kawaida. Aliitandaza yote, akabananisha karatasi za vipimo juu yake. Zilipoenea alifurahi, na katika furaha hiyo akasahau kuigeuza karatasi ya mkono wa pili. Akakata mikono miwili ya gauni, mirefu, mipana, yote ya kushoto. Hariri hiyo inang'aa upande mmoja tu, kwa hiyo kugeuza kitambaa kusingesaidia.

Tangu hapo alitafuta kitu kimoja: mkono wa kulia. Aliunganisha vibaki, akapima, havikutosha. Akavifumua, akaviunganisha vilevile.

Kaka akapita. "Mama watoto, hivyo vibaki vinazaana?"

"Niache."

"Mwambie mwenyewe."

"Nikimwambia ndiyo basi tena."

Mtu akiogopa huona mlango mmoja, hata kama nyumba ina mitatu.

Mwishowe akampigia simu. Bibi harusi alikuja na shangazi yake, na shangazi ndiye aliyeanza: "Fundi gani hajui kulia na kushoto? Kandambili unavaaje?"

Shemeji alimgeukia binti. "Mwanangu, nimekosea. Hebu niambie, mikono mirefu uliitakia nini?"

Binti akapandisha mkono wa blauzi. Kovu la moto lilianzia begani, likaishia juu kidogo ya kiwiko.

Shemeji akalitazama. "Mbona halifiki mbali hivi? Mikono nikiikomesha kwenye kiwiko, mmoja nitaufupisha tu. Wa pili nitaukata upya humo humo, uwe wa kulia."

"Subiri kwanza," shangazi akasema, "tufikirie."

"Kata," binti akasema.

Alipokuja kujaribu gauni, alisimama mbele ya kioo, akainua mkono kama mtu anayepungia watu. Ncha ya kovu ikachungulia.

"Niongeze kipande?" shemeji akauliza.

Binti akaushusha mkono, akauinua tena, akajitazama.

"Acha hivyo hivyo."