Bunduki ya Upepo Niliyoichagua kwa Mlio

Ilikuwa Ijumaa moja, mwanangu, baada ya sala, na siku hiyo naikumbuka hata sasa ambapo majina ya watu wengi yamenitoka. Nilisimama dukani pale Lindi, bunduki mbili za upepo zimelazwa mbele yangu, na fedha ya miezi mingi ya jasho imefungwa kwenye pindo la shuka yangu. Nikachagua ile isiyofaa. Juzi umeniuliza ununue bunduki gani ya kulengea shabaha kwa hicho kidogo ulichojiwekea. Nitakujibu, lakini jibu langu linapita njia ya mbali. Nivumilie. Mzee huenda polepole hata akiwa amekaa.

Wakati ule Mjerumani ndiye aliyeishika nchi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, ila sisi wa bara ya Lindi tulikuwa hatujapona. Baba yangu alitoka Kilangala asubuhi moja amejifunga mabua ya mtama kichwani, amekunywa dawa, anaamini risasi zitageuka maji. Sikumwona tena, wala hakuna aliyetuletea habari zake. Mama alimalizia nguvu zake katika njaa iliyofuata, akichimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kunipa mimi sehemu kubwa, mpaka akafariki. Nilipopata akili ya kujitafutia nikashuka Lindi, nikapata kazi ya kushona magunia katika ghala la mbata, nikapanga chumba kimoja. Jioni nilifungua mlango, nikasema "Hodi," na hakuna aliyejibu. Nilijua hakuna wa kujibu. Nilikuwa nasema tu nisikie sauti ya mtu.

Watu wa Lindi hawakuwa wabaya, usije ukanielewa vibaya. Lakini ukiwa mgeni usiye na ukoo, usiye hata na mtani wa kukutania, unaweza kukaa katikati ya watu mwaka mzima bila yeyote kulitaja jina lako.

Pahali pekee nilipotajwa jina palikuwa ua wa nyuma wa duka la Bwana Fidahuseni. Huyu alikuwa Mhindi muuza nguo na vyombo, mtu mpole, na alikuwa na bunduki moja ndogo ya upepo, kitako chake kimechunika rangi. Haikuwa ya baruti. Ndani mna springi: unaukunja mtutu kwenda chini, springi inajifinya, unatia kirisasi kilichobanwa kiunoni kama nyigu, unaurudisha mtutu, unafyatua, na upepo unakisukuma. Bunduki za baruti serikali ilikuwa imezikusanya baada ya vita. Hii, karani wa boma aliitazama akacheka, akasema ni ya kutishia kunguru. Basi kila Ijumaa vijana walichora duara kwa mkaa juu ya ubao, wakashindana. Siku ya kwanza niliyopewa zamu nilipiga katikati. Saidi, mpagazi wa pale ghalani, akapaza sauti: "Tazameni Issa! Kumbe Issa ana jicho!" Mwanangu, jina langu lilitajwa mara mbili kwa pumzi moja. Nilirudi nalo chumbani kama mtu aliyebeba kitoweo.

Hapo uani alikuwa akija mzee mmoja, Mzee Mchopa, Mmwera wa Rutamba. Zamani alikuwa mwinda tembo. Gobori lake lilichukuliwa na serikali pamoja na mengine, naye akahamia mjini kusokota kamba za usumba wa nazi. Aliketi pembeni, vidole vikisokota, macho kwenye ubao. Aliniona ninaikaza bunduki begani kwa nguvu zangu zote, akaniita.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba. Mjukuu wangu, hiyo si gobori. Springi ikiruka, inaitikisa bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana unagombana nayo. Ilaze kiganjani kama unavyobeba kifaranga, uiache iruke inavyotaka. Ila uishike vilevile kila mara."

Nikafanya hivyo. Matundu yakaanza kukaribiana ubaoni kama kuku wanaorudi bandani. Tangu hapo akanifundisha kila Ijumaa. Siku moja akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia jina la baba, vidole vyake vilisimama kusokota. "Nilimjua," akasema. "Tulikuwa pamoja vitani. Yapo maneno yake nitakueleza, siku tukiwa wawili tu, si mbele ya vijana hawa." Nikasema ndiyo, babu. Sikumharakisha. Nilidhani Ijumaa haziishi.

Kisha meli ikamletea Bwana Fidahuseni bunduki mpya. Ndefu, nzito, chuma chake kinang'aa kama samaki mbichi, springi yake nene. Ilipofyatuliwa, mbwa wa mtaa wa pili walibweka. Bwana Fidahuseni akasema anauza zote mbili, ile kuukuu kwa bei ndogo na hii mpya kwa bei ambayo ingemaliza akiba yangu yote. Nilitaka bunduki yangu mwenyewe, mwanangu, nami nitakuambia ukweli kwa nini. Nilitaka Ijumaa zihamie kwangu. Nilitaka mtu aseme hodi, mimi ndiye niitikie karibu.

Mzee Mchopa akanishika mkono. "Usinunue kwa macho. Piga tano kwa hii, tano kwa ile, kisha tusome ubao."

Nikapiga. Za ile ndogo zilikaa pamoja, ungeweza kuzifunika kwa sarafu. Za ile kubwa zilitawanyika kama mchele uliomwagika, maana kuukunja mtutu wake kulinitoa jasho, na kila nilipolenga mkono ulikuwa bado unatetemeka.

"Umeona?" akasema mzee. "Bunduki ya shabaha si ya nguvu, ubao haukimbii. Chagua utakayoweza kuikunja mara hamsini bila kuchoka, ambayo kifyatuo chake hakikwami, na mtutu wake ukiurudisha hauchezi. Fedha itakayobaki nunua risasi. Kinachomfundisha mtu ni risasi alizopiga. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo."

Lakini Saidi na wenzake walikuwa wamejaa mlangoni. "Chukua kubwa, Issa! Hiyo itasikika mpaka bomani! Ijumaa tunahamia kwako!"

Nikaanza kufungua pindo. Mzee Mchopa akanitazama, akaniuliza taratibu: "Issa, unanunua bunduki, au unanunua watu?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikajiona uchi, kwa kuwa lilikuwa neno la kweli. Mtu aliyevuliwa nguo hushika chochote kilicho karibu, na mimi nilishika ulimi. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia: "Yako Wajerumani walikunyang'anya nawe umekaa kimya. Utanifunza nini wewe juu ya bunduki?"

Kicheko kikakatika. Hata Bwana Fidahuseni aliinamisha kichwa. Mzee alizikunja kamba zake, akazitia kwapani. "Haya, mjukuu wangu," akasema. "Uitumie kwa heri." Akatoka.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu limejikwaa mara nyingi katika maisha haya na limepona kila mara.

Ijumaa iliyofuata ua wa nyumba nilimopanga ulijaa watu. Nilifurahi, sikudanganyi. Walipiga, wakapokezana, wakanisifu. Ijumaa ya pili kirisasi changu cha mwisho kikaisha, na fedha ya kununua vingine sikuwa nayo. Wakasema haidhuru, tupige hivyo hivyo tusikie mlio. Sikujua kwamba springi isiyo na risasi ya kusukuma hujigonga chuma kwa chuma. Na mimi, kwa kuwatayarishia wageni, niliiacha imekunjwa tangu Alhamisi, springi imejifinya usiku kucha. Nikaitia na mafuta ya nazi ndani, nikidhani naitunza. Ikatoa moshi na kishindo, wakapiga makofi. Ngoma ivumayo haidumu. Ijumaa ya nne springi ilivunjika kwa sauti ndogo tu, kama kijiti kikavu.

Saidi aliigeuza-geuza mikononi. "Pole, Issa," akasema. Akanirudishia, akasema, "Basi sisi twende dukani." Wakaenda. Mkono mtupu haulambwi. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo: niliwaita kwa mlio, nao walikuja kwa mlio. Jioni ile niliufungua mlango wa chumba changu na sikusema hodi.

Nilimtafuta Mzee Mchopa. Chumba chake mjini kilikuwa na mpangaji mwingine, akaniambia mzee amerudi kwao. Nikaomba ruhusa ghalani, nikashika njia ya Rutamba kwa miguu. Siku mbili nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi, nikiyapanga na kuyapangua. Nilifika nikamkuta mwanamke anatwanga, mtoto wa dada yake mzee.

"Mjomba ameondoka," akaniambia. "Amevuka Ruvuma kumfuata binti yake aliyekimbilia huko wakati wa vita. Hakusema kama atarudi."

"Hakuacha neno?"

"Kwa nani?"

"Kwa Issa. Issa wa Kilangala."

Akasimamisha mchi, akafikiri. "Alikutaja, ndiyo. Alisema yuko kijana Lindi ana jicho kama la baba yake."

"Na nini tena?"

"Basi," akasema. "Ni hilo tu."

Nilikaa kivulini mwa nyumba ile mpaka jua likageuka. Mama yule aliniletea maji. Mzee Mchopa hakurudi. Niliuliza wasafiri kwa miaka, mpaka vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja na kuwatawanya hata wale niliokuwa nawauliza. Mpaka leo sijui baba yangu alianguka wapi, wala maneno yake ya mwisho. Alikuwapo mtu mmoja duniani aliyeyajua, akaniahidi, nami nikamfukuza kwa sentensi moja ili nisichekwe.

Bunduki ile ndogo niliinunua baadaye, Bwana Fidahuseni alikuwa hajaiuza. Nikawa napiga peke yangu, kiganja kikiwa wazi kama nilivyofundishwa. Nilikuja kuwa mlengaji hodari, mwanangu. Kuna asubuhi moja nilipiga kumi katika tundu moja. Nikageuka, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Sasa pokea nasaha yangu. Ukienda dukani, usiulize ipi ina nguvu wala ipi ina mlio. Ikunje mwenyewe, tena na tena. Kama inakuchosha si yako. Piga tano usome ubao. Usitoe fedha yote kwenye bunduki, bakiza ya risasi. Usifyatue tupu, usiiache imekunjwa, usiitie mafuta ovyo ndani. Hayo ni ya bunduki. Ya mtu ni haya: upweke ukikubana, usiununulie watu. Nenda kwa yule mmoja anayekufundisha, ukae naye. Na akikuambia neno la kweli likakuuma, funga mdomo mpaka maumivu yapoe. Kama ulishamkosea mzee, usisubiri kupanga maneno mazuri. Nenda leo, na maneno mabaya-mabaya hayo hayo, maadamu yuko.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutulize moyo na mkono, akupe wakweli wachache wa kuketi nao, na kila mlango utakaoubishia hodi akuwekee ndani yake mtu wa kuitika.