Kipimo cha Ishirini

Kasiani hakuwa mtu mwoga, msije mkamsema vibaya. Alikwisha kuua chatu kwa panga, na gari moshi lilipofika Morogoro mara ya kwanza, wenzake wakatimua mbio, yeye alisimama palepale akalitazama. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja tu: kiboko cha Stambuli, mnyapara wa lile shamba la mpira lililokuwa karibu na Mlali. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, ukilazwa juu ya pipa, kwa kosa lolote lile. Mgema mpira mmoja alivunja chupa ya bwana, akavila vyote, na wiki mbili nzima akalala kifudifudi.

Mwenye shamba alikuwa Mjerumani mzee. Watu walimwita Bwana Bega, maana alianguka kutoka juu ya nyumbu wake wa kupanda akavunjika bega la kulia. Bunduki yake ya komeo, kwa risasi za kawaida, ilimpiga teke hata machozi yakamtoka. Kuacha kuwinda, hataki ng'o! Akatafuta ujanja: maganda matupu ya risasi yaokotwe, yatiwe fataki mpya za kuwashia, kisha baruti kidogo tu ya bunduki ya marisau, ile ya kupigia ndege, halafu kichwa cha risasi juu. Risasi hizo zilisukuma bega taratibu, kama mtoto anayekuamsha, na kwa pongo, yule swala wa msituni, zilitosha kabisa. Kazi ya kuzijaza akafundishwa Kasiani.

"Kipimo moja, mzuri," Bwana Bega alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha kikombe cha shaba kisichozidi ncha ya kidole. "Mbili, bunduki pasuka. Wewe kufa, mimi kufa."

Jumamosi moja bwana akapima baruti kwa mkono wake mwenyewe, ya risasi ishirini barabara, akamwachia Kasiani kwenye baraza ya stoo. Kasiani akajaza ganda la kwanza, la pili, la saba. Mara akatokea mama mkwe wake, Magdalena, na tenga la ndizi kichwani, anapeleka jikoni kwa bwana. Mkwe, jamani! Nani anakutana na mkwe uso kwa uso? Kasiani akaacha kila kitu, akajitupa nyuma ya stoo, akapiga magoti akielekea ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Magdalena akaitikia kwa mbali, naye kageukia upande mwingine. "Watoto hawajambo?"

Salamu za wakwe hazikatizwi. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu na ganda la nane linamngoja. Kitupu kwa kuwa amekwisha kumimina, au kwa kuwa hajachota? Akachungulia, shingo ya ganda nyembamba, ndani giza. Angelimwaga akaanza upya, mjinga huyu! Lakini mtu aliyetoka kwa mkwe roho yake haijatulia. Akatia kipimo, akafunga, akaendelea.

Lilipofungwa la kumi na tisa, baruti ikaisha. La ishirini likabaki wazi.

Jasho likamtoka. Basi ni kweli, moja kati ya zile risasi ina vipimo viwili! Ipi? Alikwisha kuzichanganya kikapuni. Koleo ya kung'olea vichwa vya risasi ilikuwa imefungiwa ndani kwa bwana. Kuiomba ni kukiri, na kukiri ni pipa. Kasiani akaenda kwake, akachukua baruti nyeusi ya gobori lake, akajaza lile ganda la mwisho. Akafunga risasi, akafunga na mdomo.

Siku ile hakula. Jumapili misa aliisikia nusu nusu.

"Una nini, mume wangu?" Yuliana, mkewe, akamwuliza.

"Tumbo."

Jumatatu asubuhi wakapanda msituni, bwana mbele na bunduki, Kasiani nyuma na risasi. Kila alipotakiwa kutoa moja, kwanza aliitikisa sikioni. Baruti kidogo hucheza ndani ya ganda. Ikiwa nyingi haichezi sana. Lakini woga una masikio yake. Zote zilisikika sawa, na zote zilisikika mbaya.

Bwana akafyatua ya kwanza. Kasiani kafumba macho, anamwita Bikira Maria. Ta! Pongo dume chini. Ya pili ikakosa. Ya tatu ikalia buu! na wingu la moshi mweupe likawafunika wote wawili.

Lahaula! Risasi za bwana hazitoi moshi. Ilikuwa ile ya gobori.

"Moshi ya nini?" Bwana Bega akauliza polepole. "Kasiani. Moshi ya nini?"

Maneno yakamtoka yenyewe. "Baruti ilipungua, bwana. Moja nimetia mara mbili. Sijui ipi. Nisamehe, bwana."

Bwana akajishika shavu, pale linapoegemea bunduki. Uso ukamwiva. "Mwongo. Wewe iba baruti." Akamtupia bunduki, akaenda kujificha nyuma ya jiwe. "Kama kweli, piga wewe. Zote!"

Zilibaki kumi na saba. Maskini Kasiani! Akatikisa moja, akaitia, akageuza uso pembeni, akafyatua. Ta. Angali na mikono. Ya pili. Ya tano. Moja akaikuta sauti yake nzito, akaiweka kando kwenye majani, akachukua nyingine. Kufikia ya kumi suruali ilikuwa imelowa, na hakuona hata haya. Akapiga kumi na sita. Ikabaki ileile ya kwenye majani. Akaitikisa tena. Haichezi! Ndiyo hii, ndiyo hii hasa.

"Piga!" bwana akapaza sauti.

Kasiani akaiweka bunduki chini. "Hii siipigi, bwana. Nichape."

Kiboko alichokikwepa tangu Jumamosi, sasa anakiomba kwa kinywa chake.

Akapewa. Siku hiyohiyo, wagema wote wamepangwa mstari, Stambuli akahesabu hamsa ishirini, hakuruka hata moja. Kisha bwana akaleta koleo na ile risasi, ili watu waone kosa la mwenzao kwa macho yao. Akang'oa kichwa, akamimina baruti ndani ya kikombe cha shaba.

Kikajaa barabara, hakikumwagika hata punje. Kipimo kimoja.

Wagema hawakuelewa kitu. Wawili tu ndio walioelewa. Hapakuwa na ganda lililotiwa mara mbili. Baruti aliyoipima bwana kwa mkono wake Jumamosi ilikuwa ya risasi kumi na tisa.

Kasiani, angali amelala juu ya pipa, akainua kichwa. Macho yake yakakutana na ya Bwana Bega. Masikio ya mzee yalikuwa mekundu.

"Stambuli," bwana akasema. "Tena."

Stambuli, ambaye miaka yote hakuwahi kuuliza, siku ile akauliza. "Kwa kosa gani, bwana?"

"Yeye tazama mimi."

Kasiani akafumba macho haraka, lakini alikuwa amekwisha kutazama.