Mashine Iliyokwenda Kuposa Lundo

Kazi yangu mjini Mbinga ni kukata nyasi na kusawazisha fensi za watu, na sioni haya kusema kwamba naiweza. Nilipopata mashine ya kukatia fensi inayotumia betri, isiyotaka waya wala petroli, niliringa wiki nzima. Michongoma iliyokuwa ikinilia siku mbili kwa mkasi na panga, sasa naimaliza asubuhi moja na shati bado limechomekewa.

Basi nilipokwenda kijijini Lundo, kule ziwani, kuomba mke, niliibeba. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwa baba wa mchumba wangu, mvuvi aliyestaafu na mzee wa kanisa, posa haiishii kwenye barua. Kijana anayetaka binti hupewa kazi pale nyumbani, na kazi yenyewe ni kisingizio tu. Mzee anakaa barazani anakuangalia: unachokaje, unaombaje maji, unakulaje ukiwa na njaa. Mchumba wangu alikuwa ameshaniambia wazi kwamba baba yake akisema hapana, tusidanganyane habari za kutoroka. "Nakupenda," alisema, "lakini baba yangu simkimbii." Nilimpenda zaidi kwa maneno hayo, na niliogopa zaidi pia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fensi ni ile pale. Nimekutengea siku mbili."

Nikachomeka betri. Jua halijafika utosini nilikuwa nimemaliza, nimefagia na matawi nimeyatupa. Nikasimama nikingoja sifa. Mzee aliizunguka fensi yote polepole, uso umemshuka kama mtu aliyealikwa harusini akakuta sufuria zinaoshwa.

"Mashine nimeiona," akasema. "Wewe bado."

Shangazi wa mchumba wangu, aliyekuwa anaanika dagaa pembeni, alidakia papo hapo. "Basi tuiozeshe mashine, kaka! Haili, hailewi, na ikichoka unaichaji."

Nikacheka na mimi, kwa heshima. Mzee hakucheka. Alinipeleka kwa mdogo wake, nyumba ya tatu, nikakata fensi. Akanipeleka kwa jirani mjane, nikakata. Kila mtu mzima aliyepita ilinibidi niizime mashine, niinamishe kichwa, niseme shikamoo, nijibu habari za Mbinga, za mvua na za kahawa, ndipo niiwashe tena. Na kila aliyepita aliisifu mashine. Mmoja aliipapasa kama mbuzi wa kununua. Hakuna aliyeniuliza mimi naendeleaje, na nakiri kwamba kufikia saa nane nilikuwa nakionea wivu kitu chenye chaja.

Nikabadilisha betri, nikapelekwa kanisani. Fensi ya pale ilikuwa ndefu kuliko zote, na mzee alinifuata nyuma hatua kwa hatua.

"Pale pamepanda."

Nikashusha.

"Sasa pamebonyea."

Nikashusha kulia na kushoto ili pafanane.

"Kulia kulikuwa kuzuri."

Mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Nilikuwa nimezimeza tangu asubuhi, na sasa zilikuwa zimenifika kooni. Niliizima mashine. Nikachomoa betri, nikayavisha meno ala yake, nikailaza kivulini, mbali na njia wanayopita watoto wa shule. Halafu nikageuka.

"Baba! Hii mashine haitembei yenyewe! Mabega yangu yanawaka moto tangu asubuhi! Kama hunitaki sema, nirudi Mbinga, lakini usinizungushe kijiji kizima kama ngoma ya kukodi!"

Sauti yangu ilirudi kutoka kwenye ukuta wa kanisa, nikaisikia mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya maji alisimama. Nilijua nimeshamkosa mke. Kichwani nilianza kuhesabu kama basi la kupanda Mbinga nitaliwahi au nitalala kituoni, kwa aibu gani.

Mzee aliketi kwenye ngazi ya kanisa. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo.

"Kumbe unazo," akasema. "Nimechoka kuzitafuta."

"Unatafuta nini, baba?"

"Hasira zako. Ungechukua panga ningeziona palepale nyumbani. Hiyo mashine yako imenitembeza na magoti haya hadi kanisani."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Yeye alikuwa ameacha kutabasamu.

"Dada mkubwa wa mchumba wako alichukuliwa na mtu mpole kuliko wewe. Alilima hapa kwangu siku nne, hakuwahi kupandisha sauti. Nikamsifu kwa kila mtu. Binti yangu alirudi hapa na meno mawili pungufu." Alikwangua udongo kwenye kiatu. "Tangu hapo, anayekuja kuoa nasubiri kwanza akasirike. Nataka kuona mikono yake inakwenda wapi."

Nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeiweka nyuma ya mgongo bila kujua, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Twende ukanawe," akasema. "Samaki wetu mbasa wanapoa, na mwenzio hajala tangu asubuhi kwa hofu."