Kiuno cha Gauni la Kipaimara

Mama hakujua kuandika, kwa hiyo vipimo alivituma kwa kamba. Ndivyo walivyofanya wengi kule kwetu Iringa: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu wa gauni. Kamba ikapanda basi mpaka Mbeya, nilikokuwa nashona kwa fundi mmoja mzee huku naota duka langu mwenyewe, lenye kioo mbele.

Jumapili ile mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara, na gauni jeupe hana.

Fundi akanyoosha kamba mezani, akacheka. "Binti, kiuno kimezidi kifua! Mdogo wako amemeza debe?"

Mwenzetu wa cherehani ya pili, ambaye hakosi neno, akadakia: "Irudishe. Au kata hivyohivyo, wakilalamika waoneshe kamba yao."

Nikahesabu siku. Kamba iende irudi, Jumapili ingekuwa imeshapita. Na kukata hivyohivyo, mtoto angeingia kanisani kama kavaa hema.

Mzee hakubishana. Bega, kifua na urefu aliviona viko sawa, akavifuata. Kiuno tu ndicho alichokiacha; akakata cha kawaida kwa msichana wa umri ule, akabakiza kitambaa ndani, akapiga bandi nyepesi, ya kuvuta ikafumuka. Mafundo ya mama hakuyagusa. Kwenye lile la tatu alifunga kiuzi chekundu.

"Mama yako akaone mwenyewe hapa," aliniambia. "Usimcheke, mwanangu."

Nilipenda sana. Kosa moja halikuharibu vipimo vitatu vizuri.

Jumamosi nikalipeleka gauni mwenyewe, pamoja na kamba. Mama alipoona ule uzi mwekundu akapiga makofi. "Yoo! Si kiuno nilikipima juu ya vitenge viwili alivyojifunga! Mtoto anakohoa, ningemvua nguo na baridi hii?"

Tukamvalisha. Kiuno kikapwaya kidogo tu. Tukavuta bandi, tukaingiza upana wa kidole kila upande, mama akashona kwa mkono huku bado anajicheka.

Kesho yake mdogo wangu alitoka kanisani anang'aa, akaja moja kwa moja kuninong'oneza: "Dada, nikila wali mwingi litapasuka?"

"Kula tu, mdogo wangu. Kitambaa kimebaki humo ndani."