Masinia Mawili na Meza ya Bakara

Siku yangu ya kwanza kazini, mkufunzi alianza kwa kunikagua kucha. Alinishika vidole kimoja kimoja, akavigeuza, kisha akasema, "Mikono inapendeza. Sasa tuone kama inatii." Nilikuwa nimetoka kwetu Msambweni asubuhi ile, buibui juu, sare mpya chini: shati jeupe, kizibao cheusi, na suruali ambayo mifuko yake yote imeshonwa ikazibwa. Kwenye kasino hakuna mfanyakazi wa meza mwenye mfuko. Mimi Mejumaa, binti wa muuza mahamri, nilikuwa sijawahi kushika karata. Nyumbani kwetu karata haikuingia hata ya kuchezea watoto.

Nawaeleza haya kwa sababu vijana wa Ukunda wananijia na simu zao mkononi, ati bakara wanaijua, wanaicheza humo humo. Hawajui kitu! Simu haina mikono. Kazi yetu ilikuwa ya mikono na sauti, na ilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo nilifundishwa miezi mizima kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja ya Diani kabla sijaruhusiwa kumkaribia mteja.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mrefu wa bara, mkali, mwenye kushika mwiko bapa wa mbao ambao wenyewe tuliuita paleti. Kazi ya mwiko huo ni kusukumia karata mezani mbali pasipofika mkono, lakini yeye aliutumia zaidi kutugonga vidole. "Bakara maana yake sifuri," alituambia. "Karata ya kumi na zenye picha, mfalme, malkia na ghulamu, zote ni sifuri. Ree ni moja. Ukijumlisha ukavuka tisa, kumi unaitupa. Saba na nane ni ngapi?"

"Kumi na tano," nikajibu mbio.

Paaa! Mwiko. "Ni tano. Kumi na tano kasome shuleni."

Akatufundisha kwamba karata hugawiwa mafungu mawili, moja linaitwa Mchezaji na jingine Benki. Msidanganyike na majina hayo. Mchezaji si mtu, na Benki si ya kuwekea akiba. Ni mafungu mawili tu, na mteja anachagua lipi atakaloliwekea chipsi zake, au aweke kwenye sare, akitumaini yatalingana. Linaloikaribia tisa ndilo linaloshinda. Karata zenyewe hutolewa moja moja kwenye kisanduku kinachoitwa shuu, yaani kiatu, na za mwanzo hutupwa pembeni bila kuchezwa. Kitendo hicho huitwa kuchoma. Fungu likipata nane au tisa kwa karata mbili za kwanza, hiyo ni nacharo, mchezo umekwisha hapo hapo. Isipotokea, ndipo huja karata ya tatu, na sheria za karata ya tatu ndizo zilizowatoa wenzangu jasho mpaka baadhi yao wakarudi kwao.

Mimi niliganda nazo. Niseme kweli, niliipenda kazi ile tangu siku ya mwiko.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama na talaka yangu, tunaishi wawili, baba alishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa akikaanga mahamri na kuyauza kando ya barabara kuu. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua mchele mzuri, nazi, na samaki aina ya changu mnene, nikapika wali nikamwekea sinia mbele yake. Akautazama. Hakunawa mikono.

"Hela ya wapi hii, mwanangu?"

"Ya kazini, mama."

"Kazi ya kamari?"

"Mimi sichezi, mama. Nagawa karata tu."

"Na anayemimina pombe hanywi, anamimina tu," akasema. Hakupandisha sauti. "Sikulaani, wala sikufukuzi. Mtu mzima wewe, hesabu yako utaitoa mwenyewe kwa Mola wako. Lakini tumboni mwangu, la. Wewe kula chako, nami nitakula changu."

Akainuka, akapika muhogo wake wa hela ya mahamri, akautia kwenye sinia nyingine, akarudi kuketi mkeka ule ule tukielekeana. Basi yakawa hayo. Masinia mawili, mkeka mmoja, kila mchana, miaka na miaka. Jirani yetu Bi Nuru akawa anatuchokoza: "Nyumba hii kila siku arusi! Watu wawili masinia mawili!" Mama akicheka, nami nikicheka, lakini ikiniuma. Watu wa pwani wanaelewa ninachosema. Kula sinia moja na mzazi wako si kushiba tu. Niliomba kila mwaka nije nile na mama yangu tena kama zamani, na wakati huo huo niliomba nisitolewe mezani kwangu. Dua mbili zisizopatana.

Ajabu ni kwamba mama huyo huyo alikuwa hashibi habari za meza. Tukishakaa tu, kila mtu na tonge lake, ananiuliza: "Haya, jana kulitoka nini?" Siku nilipomtajia jina la mchezo alishika mdomo. "Astaghfirullah! Mmekosa majina mpaka mkachukua la sura ya Kurani?" Nikamwapia kwamba ni neno la Wazungu, halihusiani. Hakuniamini, lakini hakuacha kuuliza.

"Hiyo karata ya tatu, nani anaamua itolewe?"

"Hakuna anayeamua, mama. Sheria inaamua. Mchezaji akiwa na tano kushuka chini, inatoka. Akiwa na sita au saba, anatulia. Kisha Benki nayo inatazama Mchezaji amepata nini. Ikiwa Benki ina tatu, inachukua karata, ila Mchezaji akiwa amepewa nane ndipo haichukui."

"Kwa nini nane?"

Sikujua. Nikamuuliza mkaguzi wa meza, yule anayekaa kwenye kiti kirefu kutazama tusikosee. Akasema, "Mejumaa, sheria ni sheria, rudi kazini." Nilipomfikishia mama jibu hilo akatikisa kichwa. "Huyo naye hajui," akasema.

Nilipandishwa ngazi taratibu. Kwanza meza ndogo, ambayo mgawaji anageuza karata zote mwenyewe. Halafu meza kubwa, ya wageni wazito wanaokuja kulala kule kisiwani Chale na hoteli za ufuoni, nami nikiwa msimamaji wa katikati, mwenye kutangaza. "Basi, hakuna kuweka tena!" Sauti lazima iwe moja, ashinde mteja au ishinde kasino. Kwenye meza kubwa karata hupewa mteja azigeuze mwenyewe, na hapo ndipo utamwona binadamu. Haigeuzi! Anaikunja pembe kidogo kidogo, anaichungulia ubavuni, anaipulizia, mwingine anaiimbia. Kitendo hicho tulikiita kukamua. Nimeona bwana mzima mwenye viatu vya bei akiisihi karata ya shupaza kama anamsihi mkwewe.

Mama alilipenda hilo kuliko yote. "Nifafanulie tena. Karata si imeshatoka kwenye kiatu?"

"Imeshatoka."

"Na namba si ishapigwa chapa?"

"Ishapigwa, mama."

"Sasa anakamua nini? Hata wewe huchagui, hata yeye hachagui! Wanalipia nini hasa watu hawa?"

Nilikaa na swali hilo kazi yangu yote. Nilikuwa nikiwatazama wateja na kujiuliza, na jibu nililopata ni kwamba wanalipia ile nafasi ndogo ya kutojua, kati ya pembe ya karata na karata yenyewe. Nilipomwambia mama hivyo akalamba vidole, akasema, "Mimi nafasi hiyo ninayo bure kila nikiweka mafuta motoni, sijui kama wateja watakuja."

Halafu presha ikampiga. Upande wa kushoto ukalegea. Alilazwa hospitali kubwa pale pale kwetu Msambweni, na Mungu hakumchukua, lakini aliporudi nyumbani mkono haukuweza tena kusukuma unga. Karai likapinduliwa. Akiba ya mahamri ikaisha. Nikapika uji wa mtama, nikamletea. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Usinitie majaribuni, mwanangu. Nimeshinda umri wote huu."

Basi Bi Nuru akawa anamletea chakula. Asubuhi chai na kitumbua, mchana bakuli la wali. Nami nipo! Binti wa kuzaa, mwenye mshahara kuliko mtaa mzima, nimeketi kitako natazama jirani akimlisha mama yangu kwa kijiko. Niliona aibu ambayo sijaiona hata siku ya talaka. Sikulala vizuri wiki ile. Si kwamba sikujua la kufanya, nililijua tangu sinia ya kwanza. Lilikuwa linaniuma tu.

Nikamwendea msimamizi wa ukumbi, bwana wa bara aliyekuwa juu ya wakaguzi wote, nikamwambia naomba kuhamishiwa upande wa kufua mashuka.

"Mejumaa, wacha mchezo. Dobi? Wewe ndio naweka kwa meza kubwa wageni wazito wakikuja!"

"Najua, bosi."

"Ni mshahara? Niongee na meneja waongeze?"

"Wakiongeza ndiyo matatizo yatazidi."

"Sikuelewi. Mama yako ni mgonjwa. Unahitaji pesa mingi, si kidogo."

"Nahitaji pesa anayoweza kuila."

Akavuta karatasi ya uhamisho, akaitia sahihi yake. Alikuwa mtu wa kanisa, nadhani kitu alikielewa. Jioni ile nilimaliza zamu yangu, nikafanya kile ambacho kila mgawaji hufanya akiondoka mezani: unapiga makofi mara moja, unageuza viganja juu na chini, kamera ione huchukui kitu. Nililia chooni, sioni haya kusema.

Dobi kuna joto, sabuni inachubua vidole, na hakuna anayekungoja utangaze lolote. Nilikaa huko mpaka nikastaafu, na kusema kweli sikuipenda hata siku moja. Sasa nikikaa kibarazani vijana wanaponiuliza maneno ya bakara, nawafundisha maneno yote, maana maneno hayana dhambi. Nawaambia pia na lile swali la mama, wanalipia nini, wakalitafune wenyewe. Halafu daima atatokea mmoja mjuaji: "Bibi, ulikuwa juu, ukashuka mwenyewe. Hujuti?"

Namwambia meza naikumbuka mpaka leo. Kisha namweleza mchana wa mshahara wangu wa kwanza wa dobi. Ulikuwa mdogo, wali haukuwa wa mchele mzuri na samaki alikuwa tasi mmoja wa miba tele. Nilipika, nikamwegemeza mama ukutani kwa mito, nikaweka sinia mkekani.

"Hela ya wapi hii, mwanangu?"

"Ya kufua mashuka."

Macho yakamtoka. "Mashuka ya hoteli ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Na wanaolala humo ni wale wakamuaji?"

"Wengine ndio. Wengine ni wazee wa kuota jua tu."

Akafikiri. Wallahi sijawahi kungoja karata yoyote kama nilivyomngoja mama yangu akifikiri. Alitazama vidole vyangu vilivyochubuka kwa sabuni, akavitazama tena. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Nipe maji ninawe."

Nikamnawisha. Akasema bismillahi, akatia mkono kwenye sinia, nami nikatia wangu. Hakula kwanza. Alichambua samaki polepole kwa mkono ule mmoja, akatoa miba mmoja mmoja, akakisukuma kipande cha tumbo upande wangu.

"Kula," akasema. "Umekonda."