Hasimu Wangu Hakuwa na Habari

Mimi ni Florian, fundi cherehani, mzaliwa wa Murangi, na kwa miaka mingi nilikuwa na hasimu. Namtaja mapema kwa sababu bila yeye sina cha kusimulia. Nilishona suruali, nikaoa, nikapata watoto. Hayo kila mtu anayo. Hasimu ndiye aliyenipa hadhi.

Alikuja Iringo, mtaa wetu pale Musoma mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati kitambaa dukani kilikuwa cha foleni. Jina lake Makongoro, ametokea upande wa Butiama, mtu mrefu mwenye kicheko cha kushtua kuku. Akaweka cherehani yake kwenye baraza inayotazamana na yangu, akanisalimia: "Habari ya kazi, fundi!" Sikuitika. Jioni nikamwambia mke wangu Marcelina kwamba nimepata adui.

"Adui?" akauliza huku anachambua dagaa. "Kwenye kisomo cha watu wazima tulifundishwa maadui ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Huyu ni yupi?"

Nikaona neno limenikataa. Nikachukua "mshindani". Nalo halikudumu, maana mshindani hushindana, na yule bwana hakutaka kushindana. Uzi ulipoadimika mji mzima, alivuka barabara akaniambia, "Fundi, nimepata uzi mweusi. Tugawane." Nikaupokea kwa hasira. Nikaumalizia suruali za watu kwa hasira ileile.

Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, redio ikanipa neno zito zaidi. "Makongoro ni mhujumu," nikamnong'oneza Marcelina. "Ule uzi anautoa wapi?"

Marcelina akanitazama, kisha akatazama chini ya kitanda chetu, mahali nilipoficha jora la kaki nililolipata kwa mlango wa nyuma.

"Sema kwa sauti," akasema, "ili wakija wasipate shida ya kutafuta."

Neno lile nililimeza bila maji.

Siku moja mtangazaji wa mpira akasema "mahasimu". Nikalipenda papo hapo, linaujaza mdomo. Tangu hapo nikawa namshambulia Makongoro kila asubuhi kutoka barazani kwangu, wapita njia wakisikia. "Suruali zako zina miguu ya kuku! Wewe hata gunia la pamba huwezi kulishona!" Yeye alipiga paja, akajibu kwamba kola zangu zinafaa kufungia mbuzi. Jioni mimi nilirudi nyumbani nimeumia. Yeye alirudi kwake akipiga mluzi, na mluzi ule niliuhesabu kuwa ni dharau.

Kisha mitumba ikaingia. Marobota yakawa yanafunguliwa sokoni Mwigobero, karibu na samaki, na watu waliokuwa wakinibembeleza niwashonee kabla ya Krismasi wakaanza kuvaa makoti ya Ulaya yenye harufu ya sato. Kazi ikabaki ya kupunguza viuno na kubadili zipu. Mtu mwenye akili angeona kinachomuua ni nini. Mimi nilikwenda kwa mchora mabango. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na mbili, na bango likasomeka: FUNDI FLORIAN HANA MPINZANI.

Sikujua kwamba neno "mpinzani" lilikuwa limeshahama nguoni na kuingia kwenye siasa ya vyama vingi. Kabla ya saa sita akaja Danford, mkereketwa wa chama tawala pale mtaani, akanishika mkono kwa nguvu. "Msimamo safi huo, fundi! Jumamosi utahutubia." Hajaondoka, wakafika vijana wa upinzani, wamekunja nyuso. "Huna mpinzani? Kwa hiyo sisi ni kivuli?"

"Jamani, ni mambo ya nguo!" nikapiga kelele. "Mpinzani ninaye, yule pale!" Nikamwonyesha Makongoro kwa mkasi.

Danford akageuka, macho yamemtoka. "Kumbe Makongoro ni wa upinzani?"

"Karibu, mwenzetu!" wale vijana wakaita.

Makongoro akaja akicheka, akasimama katikati yetu. "Mwacheni jamani. Huyu ni mtani wangu. Miaka yote hii hamumsikiagi anavyonitukana? Kwetu mtu akikutukana kila siku na hakupigi, huyo ni mtani, tena wa karibu." Watu wakacheka, wakatawanyika. Akapanda kwenye kiti changu, akaligeuza bango likatazama ukuta.

Nikarudi kwenye zipu moja, nikaishona na kuifumua mpaka jua likatua. Mtani! Uhasama wote ule, na matusi niliyokuwa nayatunga usiku nikiwa kitandani, nilikuwa naufanya peke yangu. Mwenzangu hakuwa na habari kama ana hasimu.

Mwaka uliofuata mama yangu akafariki kule Murangi. Makongoro alipata lifti ya gari la samaki, akafika kabla ya baadhi ya ndugu zangu, na akafika kama mtani, mwenye ruhusa ya mzaha hata kaburini. Sisi tukilia, yeye akajifunga kitenge cha marehemu, akatoa futi kamba mfukoni, akashuka kupima kaburi.

"Kiunoni panabana! Nani kapima hapa? Florian? Basi mama atafufuka alirudishe kwa fundi!"

Wajomba wakacheka mpaka wakaegemeana. Nami nikacheka, machozi yananitoka, sijui yapi ni ya kicheko na yapi ni ya mama. Wakati wa kufukia, Makongoro alichukua jembe, na wengine walipochoka yeye aliendelea.

Tulirudi Musoma pamoja, sisi wawili na Marcelina, nyuma ya lori, tumekalia magunia ya mihogo. Nikaona si haki kunyamaza.

"Makongoro," nikasema, "nikwambie ukweli. Mimi nilikuwaga nakuchukia kabisa. Si utani."

Akanikazia macho. Kisha kile kicheko kikamlipuka, akashika kingo za lori asianguke, akamgeukia Marcelina.

"Shemeji, unamsikia? Hata akiwa na msiba hachoki huyu!"

Marcelina akajifunika uso kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na si kwa kilio.