Koli Nyeupe ya Saliha

Jabe nzima, mutaa wetu wa Bujumbura, ilikuwa inajua: ukitaka koli yako, kifurushi cha mutoto aliye jeshini, ifike kule juu bila mutu kuingiza mukono ndani, peleka kwa Saliha. Mwanamuke mufupi, mudomo wake ulikuwa unakimbia kuliko mashini yake, na hiyo mashini ilikuwa inasikika mupaka sokoni. Samaki ndagala kavu, pilipili ya kukaanga, sabuni, kaleso mbili za kuvaa ndani: alikuwa anavipanga kama mutu anafunga mutoto mugongoni, halafu anazungushia kipande cha kitenge na kushona pembeni mara mbili.

Na kitenge hakikuwa mapambo. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, vita ilikuwa imekataa kuisha, na vijana waliomaliza sekondari walikuwa wanavalishwa uniformu kabla hata ya kushangilia diploma. Kule juu ya Bubanza, pembeni ya pori ya Kibira, kamio, lori ya jeshi, ikifika, koli zilikuwa zinatupwa chini, na kila askari alikuwa anajua yake kwa mbali: kile kitenge mama alikuwa anavaa akipika, kile cha harusi ya dada. Moubarak, mutoto wa pekee wa Saliha, aliandika kwamba siku ya koli hata sajenti wao, mutu mwenyi uso kama mulango wa jela, alikuwa anaimba. Asiyepata kitu anapewa ndagala tatu na ruhusa ya kunusa kitenge cha mwenzake. Usiku wanalalia hivyo vitenge kama mito. "Mama," aliandika, "siku tano baada ya koli tunasimama zamu kama wanaume. Siku ya sita tunaanza tena kuogopa miti."

Siku zile hakukuwa na tiki mbili za bluu, bwana. Koli imeenda, unangoja kamio ishuke na kikaratasi. Kikaratasi kimekuja, mutoto yuko. Lakini koli yenyewe ikirudi imefungwa vilevile, hakuna mutu Jabe alikuwa anauliza maana yake. Walikuwa wanatandika mikeka ya kilio.

Sasa, vitenge vinaisha. Saliha alikuwa amekata vyake vitano, kikabaki kile cha mwilini. Na juu ya meza yake kulikuwa kunalala kitambaa kingine kila wiki, bafuta nyeupe, kwa sababu wamama wanaoosha maiti pale musikitini walikuwa wanamutuma akate sanda. Miaka ile kazi hiyo haikukosekana. Jumatatu jioni, malaria inamupanda, macho yanauma, mukono wake ukachukua kilichokuwa karibu, ukashona. Mukono uliozoea hauulizi kichwa. Kesho yake hakuweza kusimama, koli ikapelekwa na jirani yake Caritas, muuza ndagala, ambaye siku hiyo jino lilikuwa limemuvimbisha shavu moja kama chungwa. Akamupa dereva wa kamio bila neno, kichwa kimefungwa kitambaa, machozi yanatoka. Ya jino, lakini nani angejua?

Jumatano asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Saliha akafika mulango wa kambi ya mujini, pale kamio inaleta vikaratasi, na wamama wengine, Caritas akimushika mukono. Kamio ilikuwa imeshashuka, dereva amekwenda nyumbani. Mulinzi akagawa vikaratasi, akamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na koli yake. Uzi haujaguswa.

"Imerudi," alisema. "Mi nimepewa tu, sijui kitu."

Wamama wakasogea nyuma kidogo, vile watu wanasogea kwa mutu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Mumoja akaanza kulia. Saliha akamugeukia, akamuambia akalilie kwake. Akaibeba koli kifuani na kuuliza dereva anakaa wapi. Mutakura, mulinzi alisema.

Caritas alimusihi warudi nyumbani kwanza, watu wamushike. Saliha alikuwa ameshaanza kutembea. Kutoka Jabe kwenda Mutakura kwa miguu, jua la Bujumbura juu ya kichwa, na mutu aliyekuwa kitandani jana. Caritas alijaribu kumuambia afungue koli basi, labda kuna barua ndani. Saliha akasema akiifungua atakuwa amekubali.

Karibu ya Kamenge kulikuwa na baryeri, kizuizi cha kukagua watu. Askari mudogo, ndevu bado zinafikiria, akawaambia waweke mizigo chini. Halafu akaona kile Saliha amekumbatia. Akarudisha bunduki mugongoni. Akatoa bere kichwani.

"Pole sana, mama," alisema polepole. "Alikuwa na miezi mingapi?"

Saliha hakuelewa. Akaangalia mikono yake. Pale ndipo aliona: kifurushi cheupe, kirefu kidogo, kimeshonwa vizuri pembeni, kimelala juu ya mukono wake wa kushoto. Sanda ya mutoto, kabisa. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Caritas," alisema. "Nimemutumia mwanangu sanda."

Wakapita wakikimbia, kama mutu wa malaria na mutu wa jino wanaweza kukimbia.

Dereva Aloys alikuwa amekaa uani kwake anakula ugali na maharagi. Alipoinua macho na kumuona Saliha mulangoni, tonge likaanguka. Akasimama, akarudi nyuma mupaka ukutani, akamuita Mungu wake kwa majina yote. Caritas ndiye alimukemea: kama mizimu ingekuwa inatembea kwa miguu mupaka Mutakura, huyu angekuwa amechagua kuja bila jasho.

Maneno yakamutoka Aloys vipande vipande. Jana, koli ilipotupwa, kelele zote zilikatika. Ile kitu nyeupe ilianguka katikati yao na hakuna mutu alitaka kuigusa. Moubarak aliiokota, akakaa nayo. Akauliza nani aliileta. Aloys akamuambia ukweli: jirani, analia, hawezi kusema. Basi Moubarak akasema kwao ndiyo wamemupa habari hivyo, mama yake amekufa. Wenzake wakakataa kitu hicho kilale nao kwenye mashimo, wakakirudisha kwenye kamio. Moubarak akaomba ruhusa ya kushuka kuzika. Komanda akakataa, watu hawatoshi. Aloys yeye alikosa ujasiri wa kukutana na familia, ndiyo maana aliiacha koli kwa mulinzi.

"Na Moubarak?" Saliha aliuliza.

Aloys akaangalia chini. "Amesema leo atatoka, ruhusa ama bila ruhusa. Kwa miguu, na ile njia."

Ile njia. Wiki mbili nyuma waasi walikuwa wamechoma basi pale. Na askari anayeshuka peke yake ana watu wa kumupiga pande zote mbili: walioko porini, na wenzake wakimuhesabu mutoro.

Aloys alikuwa anarudi juu saa nane, na saa saba ilikuwa imepita. Saliha akachana uzi kwa meno, akatoa ile bafuta, akafungua kitenge chake cha juu na kuanza kushona kwa sindano ya kukopa. Caritas akamuangalia, kisha akasema kile hakuna mutu alitaka kusikia: nguo za marehemu pia zinagawiwa. Na barua, mutu yeyote anaweza kuandika.

Sindano ikasimama. Ndipo Saliha akaona radiokaseti juu ya dirisha.

Aloys alikataa. Kaseti iliyokuwa ndani ilikuwa rumba yake, aliitafuta miezi minne, na hiyo radio ndiyo inamuzuia kusinzia barabarani. Saliha alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Moubarak. Mi mama yako. Leo Jumatano, niko Mutakura kwa Aloys, anakula maharagi bila chumvi. Umenirudishia koli yangu. Tangu nianze kushona, hakuna mutu ameshanirudishia koli, imebidi iwe we. Kitambaa ni kosa yangu, vitenge vimeisha, nilikuwa na malaria. Caritas alikuwa analilia jino. Mi muzima. Sasa sikia. Ukishuka kwenye hiyo mulima kuja kunizika, mi ndiye nitakuzika we. Kaa pale. Kula ndagala."

Saa nane kamio iliondoka, radio na koli kwenye kiti cha mbele.

Jabe, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Saliha hakumufukuza mutu. Aliwaambia tu, kama wanakaa, wachambue maharagi. Alhamisi asubuhi habari ikafika sokoni kwamba kulikuwa na risasi njia ya Bubanza. Maharagi yakachambuliwa mara ya pili.

Aloys alikuja saa sita, vumbi mupaka kwenye kope. Saliha akaweka chini ungo wa maharagi.

Alimukuta Moubarak njiani, Aloys alisema. Ameshatoka, ameshatembea saa nzima. Aliposikia kamio akaruka kwenye majani na kumuelekezea bunduki, akasema hapandi, hata awe Aloys. Basi Aloys akaweka radio juu ya boneti, katikati ya barabara, akabonyeza. Moubarak alisikiliza amesimama. Pale pa kuzika, akaanza kucheka, halafu haikuwa kucheka tena. Akaomba irudishwe mwanzo. Aloys akamuambia hapa hapana, rafiki, panda. Alikula ndagala zote ndani ya kabini, bunduki katikati ya magoti. Risasi walizisikia baadaye, nyuma yao.

"Komanda amejua," Aloys alimalizia, kwa sauti ya mutu anayeleta deni. "Amemuweka kwenye kasho. Shimo na mabati juu. Siku nane, hasimami zamu, hatoki doria. Nisamehe, mama, nilimuombea."

Saliha akahesabu kwa vidole.

"Siku nane tu?" aliuliza. "Hawezi kumuongezea?"